Maswali yenu ya mafua na flu: Dada Nesi anajibu

Tangu kipupwe kianze meseji zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote ni mafua, flu, koo, kikohozi, watoto wasiolala usiku. Nimechagua sita, nyingi zilizobaki zinafanana na hizi kwahiyo kama hujaona jina lako soma jibu la mwenzio, lako limo humo. Naanza na la Makambako maana hilo halitakiwi kusubiri, na kama nyumbani kwako kuna mtoto mdogo naomba ulisome lote hata kama mengine utayaruka.

Dada Nesi habari za kazi. Mwanangu ana miezi tisa, leo siku ya nne ana mafua, pua imeziba kabisa, akishika ziwa ananyonya kidogo anaachia analia. Baridi ya huku unaijua, usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani tunafunga mlango ndo tunalala. Mama mkwe anasema nimpe asali na limao, na duka la dawa wamenipa antibayotiki ya maji ila sijaanza kumpa. Nishike lipi? Na je niache kunyonyesha, maana na mimi nimeshaanza kupiga chafya? Mama Wawili, Makambako

Mama Wawili, mafua yasubiri kidogo tuanze na hilo jiko. Usiku wa leo lisiingie chumbani. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, wala haikohozeshi kwamba labda utashtuka, mtu anasikia tu kichwa kizito na usingizi, analala na haamki tena. Habari za familia kukutwa asubuhi wamefariki na jiko likiwa pembeni ya kitanda tumeshazisikia sana, huko kwenu nyanda za juu, Arusha, mpaka upande wa Kenya. Na hata usiku ambao hakufi mtu, ule moshi unachubua njia ya hewa ya mtoto na kumsogeza karibu zaidi na nimonia. Oteni moto nje au jikoni mlango ukiwa wazi, mkienda kulala jiko libaki huko huko, mtoto mvalishe nguo za kutosha na blanketi lisimfunike uso.

Asali hapana mpaka atimize mwaka. Mama mkwe hajakosea kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, kijiko kimoja cha asali kabla ya kulala kinatuliza kikohozi kweli, ila asali saa nyingine ina mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliwezi kuzizuia, zikikua zinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Ni nadra lakini ikitokea ni kitu kibaya mno. Mweleze taratibu na kwa heshima kwamba hiyo asali itumike kwa yule mkubwa, kama ameshavuka mwaka.

Hiyo antibayotiki kama bado ni unga kwenye chupa usiichanganye na maji, iache. Mafua yanaletwa na virusi na antibayotiki inaua bakteria, hapo haina kazi, utamwongezea tu kuharisha juu ya mafua. Wakimpima kituo cha afya wakaona ni nimonia watakuandikia wao, na hapo ndo utampa mpaka dozi iishe.

Sasa pua. Chemsha maji, yapoe, pima kikombe kimoja cha robo lita weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Dakika chache kabla ya kunyonyesha mlaze chali mdondoshee matone mawili kila tundu la pua, subiri kidogo, kamasi ikilainika ifute au ivute na kile kimpira cha kuvutia kamasi. Najua wamama wengi tunaivuta kwa mdomo, na najua ni mapenzi, lakini hapo unajilisha virusi moja kwa moja. Maji hayo tengeneza mapya kila siku. Akinyonya kidogo akaachia usilazimishe, mrudishe ziwani mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Na usimpake dawa ya kuchua yenye kafuri puani wala kifuani, hizo si za mtoto chini ya miaka miwili.

Kunyonyesha usiache hata kama unaumwa. Mwili wako ukipigana na hivyo virusi unatengeneza kinga na nyingine anaipata kwenye maziwa. Wewe nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, ukikohoa geuza uso, ukiwa na barakoa vaa. Na ile ncha ya khanga tunayofutia pua ya mtoto halafu tunafutia jasho letu, halafu tunafutia kikombe, jamani hiyo ndo gari la mafua ndani ya nyumba nyingi. Tenga kitambaa chake, kifue kila siku kwa sabuni, kianike juani.

Hili la mwisho ndo kubwa kuliko yote niliyokwambia. Mtoto akiwa ametulia au amelala mfunue tumbo, washa saa ya simu, hesabu pumzi zake dakika nzima, tumbo likipanda ni moja. Wa miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, zikifika 50 au zaidi anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Akishatimiza mwaka mpaka kabla ya mitano, ni 40. Yule wa chini ya miezi miwili ni 60, na huyo hata homa peke yake au akiacha kunyonya asisubiri kesho. Tazama pia akivuta pumzi, kama chini ya mbavu panaingia ndani usihesabu tena, nenda. Hivyo hivyo akishindwa kabisa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kulala lala hivi usiweze kumwamsha vizuri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo? Basi ni mafua, yatamchosha wiki moja hivi, kikohozi kinaweza kuvuta mpaka wiki mbili tatu. Angalia na kadi yake ya kliniki kama chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote amepata.

Mambo vipi dada nesi. Mimi konda, ruti Mbagala Kariakoo. Yani mwezi hauishi sijashikwa na mafua, mvua inanipiga pale mlangoni, nalala saa sita naamka saa kumi kasoro. Asubuhi nameza dawa ya mafua ya pakti, mchana panadol mbili, jioni ile ya pakti tena na panadol juu. Niambie kuna vitamini gani ya kuzuia hii kitu maana nikilala siku moja tu sina hela. Konda, Mbagala

Konda, kwanza hizo dawa. Geuza pakti usome nyuma, nyingi za mafua tayari zina paracetamol ndani, kwahiyo unapoongeza panadol unameza kitu kile kile mara mbili. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yani vidonge 8 vya miligramu 500 ukijumlisha na ile iliyojificha kwenye pakti, na kila dozi ipishane na nyingine angalau masaa manne. Ukipitiliza siku baada ya siku ini linaharibika na halipigi kelele mpaka limeumia sana. Halafu pakti hizo mara nyingi zina dawa jamii ya piritoni inayoleta usingizi, na wewe kazi yako ni kusimama mlangoni gari likitembea, hilo ndo linanitisha zaidi. Chagua moja.

Kuhusu mvua, wengi mnaamini mafua yanatokana na kulowa. Waingereza walikuwa na kituo pale Salisbury kuanzia mwaka 1946 mpaka 1989, kazi yake kuchunguza mafua tu, watu wanajitolea kukaa pale wanawekewa virusi puani. Walijaribu na kuwalowesha watu na kuwasimamisha kwenye baridi, hawakuona kwamba baridi inaleta mafua yenyewe. Lazima kirusi kiwepo. Ila sitasema baridi haihusiki kabisa, maana virusi vya mafua ya kawaida vinazaliana vizuri pua ikiwa imepoa, na kikubwa zaidi mvua ikinyesha abiria wote wanafunga vioo. Daladala imejaa, watu wanakohoa, hewa ile ile inazunguka toka Rangi Tatu mpaka Kariakoo. Wewe ndo mwenye mamlaka humo ndani, waombe wafungue kidogo hata vioo viwili vya upande usiopigwa na mvua.

Halafu noti na sarafu. Unazishika siku nzima, unafuta pua, unasugua macho, unakula muhogo wa kukaanga kwa mkono ule ule. Virusi vya flu vinaweza kuishi kwenye vitu vigumu kama bomba la kushikia mpaka siku moja au mbili, mkononi vinaishi muda mfupi lakini wewe unajiongezea kila dakika. Kwahiyo beba chupa ya maji na kipande cha sabuni kwenye gari, kila mkifika kituo cha mwisho nawa sekunde 20, kama hakuna maji basi sanitaiza, na katikati ya safari mkono usiende usoni.

Na usingizi, konda wangu. Mwaka 2015 kuna utafiti ulitoka Marekani, watu 164 waliwekewa virusi vya mafua puani baada ya kupimwa usingizi wao wiki nzima, waliolala chini ya masaa sita waliugua zaidi ya mara nne ya wale waliolala zaidi ya saba. Wewe unalala manne. Najua gari si lako na hesabu ya tajiri inataka ipatikane, ila kama mnaweza kupokezana na deiwaka hata siku mbili za wiki, hiyo itakusaidia kuliko vitamini yoyote nitakayokutajia. Vitamini C ukiila kila siku inapunguza siku za kuumwa kidogo sana, na ukianza kumeza umeshaumwa haifanyi kitu cha maana. Kula mapera, yanaizidi chungwa kwa vitamini hiyo na msimu wake bei ni rahisi.

Dada, makamasi yangu yalikuwa meupe sasa yamekuwa ya kijani, jirani kanigawia vidonge vitano vya rangi mbili, ile antibayotiki, anasema ni infeksheni nimeze. Sawa? Achieng' wa Kisumu

Si sawa. Kijani hicho kinatokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana, mafua ya kawaida kabisa yanapitia hapo siku ya tatu au ya nne kisha yanaisha. Vidonge vitano vya kugawiwa si dozi ya ugonjwa wowote, vinaua bakteria dhaifu tumboni kwako na kubakiza wale sugu, na siku utakapopata nimonia ya kweli dawa ile inagoma. Mrudishie na umwambie kwa upendo. Nenda umwone daktari kama zimepita siku kumi bila nafuu, au ulipata nafuu halafu homa ikarudi na uso unauma upande mmoja, au ukikohoa damu, au ukipumua kifua kinachoma.

Salam. Juzi nilitoka kazini mzima, jioni nikashikwa homa kali, mwili wote unauma, kichwa, baridi, kidogo nakohoa. Wenzangu wanasema ni flu inazunguka hapa kambini nipumzike tu. Leo siku ya pili homa haijashuka. Mchimbaji, Geita

Kaka, inawezekana wenzako wako sahihi maana flu ya kweli inakuja hivyo hivyo ghafla, asubuhi mzima jioni kitandani, tofauti na mafua ambayo yanaanza na koo kuwasha na chafya taratibu. Lakini uko Geita, kanda ya ziwa, malaria ipo mwaka mzima, na hakuna mtu hata daktari bingwa anayeweza kukutazama usoni akasema hii homa ni flu na hii ni malaria. Leo hii, usisubiri kesho, nenda kapime kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, majibu yanatoka ndani ya dakika 20 hivi. Kikiwa chanya unameza dawa mseto dozi yote, siku tatu, hata kama siku ya pili umeamka mzima. Kikiwa hasi usimeze dawa ya malaria kwa wasiwasi, na homa ikiendelea rudi upimwe tena.

Ikionekana ni flu basi kupumzika ni kweli, maji mengi, uji, supu, paracetamol kwa homa, na ukae mbali na wenzako. Hapo kambini mnalala wangapi chumba kimoja? Mtu wa flu anaanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, na anaendelea siku tano mpaka saba. Fungueni dirisha usiku hata kidogo, kichwa chako kielekee upande mwingine na cha jirani, kikombe chako kiwe chako. Kama maji ya bomba hamna fungeni kibuyu chirizi nje ya mlango, dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni inaning'inia pembeni.

Ninyi wachimbaji nawaongezea kitu. Vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kifua kikuu kinawapata zaidi ya watu wengine. Kikohozi kikifika wiki mbili usikiite flu tena, peleka makohozi yakapimwe, kipimo na matibabu ni bure.

Habari dada. Niko Leicester Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kazini wanatuletea chanjo ya flu kila mwaka bure ila mwaka jana mwenzangu alichoma na wiki ile ile akaugua, tangu hapo naogopa. Na mama yangu yuko Moshi ana kisukari, naye achomwe? Binti wa Moshi

Binti, choma. Ile sindano ndani haina kirusi hai, haiwezi kukupa flu hata ikitaka. Mkono unaweza kuuma, homa ndogo siku moja mbili, hiyo ni kinga inajengeka. Mwenzako ama alipata mafua mengine ambayo chanjo haiyazuii, kuna virusi zaidi ya 200 vinavyoleta mafua, ama alishaambukizwa kabla, maana chanjo inahitaji kama wiki mbili kushika. Haizuii flu kwa asilimia zote na miaka mingine inafanya vizuri kuliko mingine, ila inapunguza sana kulazwa na kufa. Na wewe hao unaowalisha na kuwaogesha wana miaka 80 na kitu, flu ambayo wewe itakulaza siku nne yeye inamwondoa. Kirusi hiki kinajibadilisha badilisha, ndo maana kila mwaka chanjo inapangwa upya na ya mwaka jana haikutoshi, na ndo maana kule mnachomwa kuanzia vuli kabla baridi haijakolea. Tusiichukulie poa, ile ya mwaka 1918 iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani na huku kwetu iliingia kwa meli pwani ikapanda bara.

Mama yako ndo hasa anaihitaji, mwenye kisukari flu inamvuruga sukari na inamkimbilia mapafuni. Kwa bahati mbaya huku haipo kwenye chanjo za kawaida za kila kituo, wapo wanaochoma ni baadhi ya hospitali binafsi mjini kwa kulipia. Mpigie simu aulize kliniki yake ya kisukari wamwelekeze. Na mkimtembelea Disemba mmetoka kwenye baridi huko mkiwa mnakohoa, vaeni barakoa siku za mwanzo ndani ya nyumba yake, najua inauma kufika nyumbani usimkumbatie mama.

Dada Nesi, mimi bibi yenu wa Pangani. Sisi tumekua tunajifukiza majani ya mkaratusi na mchaichai, tunakunywa tangawizi na ndimu, na mafua yanakwisha. Siku hizi vijana mnasema havifai. Wajukuu nao nikiwafunika shuka wanalia. Mimi nina presha. Nini nifanye?

Shikamoo bibi. Tangawizi, mchaichai, ndimu, supu ya pweza au ya kuku, kunywa bibi yangu na uwape na wajukuu. Haviui kirusi, lakini koo linatulia, kamasi inalainika, maji yanaingia mwilini, na mgonjwa mwenye hamu ya kitu cha moto ananywa zaidi kuliko nikimpa maji matupu. Sukari tu iwe kidogo.

Kujifukiza, mtu mzima ukiona kunakufungua pua sijakukataza, ni nafuu ya muda na mafua hayaondoki kwa hilo. Ila sufuria liwe mezani palipotulia lisiwe mapajani wala kitandani, uso ukae mbali kidogo, ukisikia kizunguzungu utoke. Wajukuu usiwafunike kabisa. Wanalia kwa sababu wanaungua na wanakosa hewa, na watoto waliomwagikiwa na maji hayo wodini kwetu tunawapokea, wameungua kifua na mapaja, wanakaa na makovu maisha yote kwa ajili ya mafua ambayo yangeisha yenyewe. Wao wape uji, maji ya chumvi puani kama nilivyomweleza Mama Wawili, na mkubwa wa zaidi ya mwaka kijiko cha asali. Aspirini usiwape kamwe wakiwa na homa, ni hatari kwa mtoto mwenye flu.

Kwenye presha ndo nataka unisikilize. Dawa nyingi za kuzibua pua, za vidonge na hata za kupuliza, zinabana mishipa ya damu na presha inapanda. Ile ya kupuliza nayo ukizidisha siku tatu mpaka tano pua inaziba zaidi ya mwanzo, unajikuta unaipuliza miezi. Dawa zako za presha usiache hata siku moja kwa sababu ya mafua. Na ukimtuma mjukuu duka la dawa mpe na kadi yako ya kliniki, aionyeshe pale dirishani kabla hawajampa kitu, aseme hii ni ya bibi mwenye presha.